Kurudisha Udongo

Kwetu Mgeta, kabla ya mvua za vuli, watu walikuwa wanarudisha udongo. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wa mjini, wamekaa vibarazani mwao wanaitazama Uluguru kwa mbali, wakisema Waluguru wameumaliza mlima wao kwa uvivu na ujinga. Uvivu! Waje kwanza wapande na karai la udongo kichwani, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa adabu, halafu ndipo wazungumze.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mashamba yetu yamepandana, la huyu juu ya la yule. Mvua ikinyesha, udongo wa aliye juu unateremka na kutuama kwa aliye chini. Udongo huo si wako hata kama umelala kwako. Kiangazi kikikolea, wewe wa chini unauzoa kwenye kikapu au karai, unaupandisha na kuumwaga ulikotoka, na mwenye shamba la juu anakutengea ugali au magimbi, mnakula pamoja. Hakuna aliyejisifu kwa kazi hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini udongo unazoleka, mradi uuwahi.

Mama yangu alirudisha udongo tangu akiwa msichana. Shamba lake lilikuwa chini ya shamba la kaka yake, mjomba wangu mkubwa, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa lukolo letu, yaani ukoo wa upande wa mama. Kwetu ardhi hufuata mama. Mtu akisikia hivyo anadhani wanawake ndio wenye kauli. Thubutu! Ardhi inapita kwa wanawake kama maji yanavyopita kwenye bomba. Anayeshika koki ni mjomba. Mjomba ndiye aliyemgawia mama kipande kile alipoolewa, na kipande kile ndicho kilichotulea. Kiliota karoti, kabichi, njegere na maharage. Sare yangu ya shule ilitoka mle, na sanda ya baba ilitoka mle. Mama hakuwa na kingine duniani, na hakuwahi kukitamani.

Alikilima kwa ngazi, kama alivyofundishwa na mama yake. Alianzia chini ya mteremko akipanda juu. Alifyeka majani, akayalaza kwa mstari kukingama mteremko, kisha akavuta udongo wa upande wa juu kwa jembe na kuyafunika. Majani yanaozea ndani, na juu yake panapatikana bapa la kupandia. Alikwenda hivyo, ngazi baada ya ngazi, mpaka akafika kwenye ukingo wa shamba la mjomba, mgongo umeinama na ukungu umemkalia shingoni. Samadi ya nguruwe aliibeba mwenyewe kutoka bandani. Nilipokuwa mtoto nilidhani kila mlima duniani una ngazi, kama kila nyumba ilivyo na mlango.

Kulikuwa na desturi nyingine, na hii ndiyo iliyotumaliza. Mtu aliyepewa shamba la kulima kwa muda hapandi mti. Analima vya msimu, anavuna, basi. Ukipanda mpichesi, au hata mgomba, kwenye ardhi isiyo yako, umetangaza kwamba ardhi ni yako, maana mti utakaa na wanao watakuja kuuonyesha kidole. Niliwahi kumwona mkwe wa watu akifukuzwa kwa sababu ya mgomba mmoja. Baba yangu mwenyewe alitoka upande wa Matombo, kwenye migomba ya kila jina, akaja kuishi kwetu kwenye ardhi ya mkewe mpaka anafariki hajapanda mgomba hata mmoja. Alikuwa akinunua ndizi gulioni, akizila polepole.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu auze na anunue apendavyo. Ushirika uliokuwa ukinunua mboga zetu ukafa, na sitausingizia uzuri kwa kuwa umekufa. Ulikuwa na mizani ya wizi na makarani wenye vitambi. Lakini ulikufa na mengi. Mbolea ya chumvichumvi iliyokuwa ikija kwa bei ya serikali ikahamia dukani kwa bei ya mwenye duka. Bwana shamba, aliyetuchosha kwa hotuba zake za makinga maji, akapunguzwa kazini, hatukumwona tena. Mahali pake pakaja muuza dawa za kilimo, ambaye naye alitoa ushauri, na ushauri wake siku zote ulikuwa ni kununua. Malori yakaanza kupanda mpaka kwetu kufuata kabichi za Dar es Salaam. Redioni wakaliita soko huria. Sisi tukaliita soko holela, tukacheka sana, tukaendelea kupakia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Mgeni wetu alikuja na lori moja kati ya hayo, mtu wa kutoka Dar, koti la mvua na mabuti ya mpira, mcheshi, mwepesi wa kusalimia wazee. Watu wakamwita Tajiri, naye akaitika. Msimu wa kwanza alinunua kabichi zetu. Msimu wa pili akajiuliza kwa nini anunue wakati anaweza kulimisha. Akaenda kwa mjomba kukodi shamba lile la juu, lililo juu ya la mama.

Simlaumu mjomba kwa kutaka fedha. Mkono mtupu haulambwi, na yeye alikuwa na mkono uliozoea kulambwa. Kilichoniuma ni jinsi wazee wa ukoo walivyokaa kulijadili jambo lile. Walikuwa na swali moja tu. Je, huyu mtu atapanda mti? Hapana, alisema mjomba, atapanda kabichi, na kabichi haimalizi mwaka. Wazee wakapumua. Mtu asiyepanda mti hana nia mbaya na ardhi ya watu. Wakampa baraka zao, wakanywa na pombe aliyowaletea. Watu waliomfukuza mkwe kwa mgomba walimfungulia mlango mtu wa kabichi, kwa sababu katika akili za kwetu adui wa ardhi ana shina na majani.

Vibarua wa Tajiri walizivunja ngazi za mjomba katika siku chache. Badala yake wakachora matuta marefu ya kushuka, kutoka juu moja kwa moja hadi chini, kama nywele zilizochanwa. Tuta la kushuka ni jepesi. Linalimwa upesi, maji ya mfereji yanateremka yenyewe, na kibarua anayelipwa kwa kipande hataki habari ya kulaza majani na kuyafunika. Samadi hawakubeba. Walimwaga chumvichumvi, wakapiga dawa kwa bomba asubuhi, na upepo ukishuka mboga za mama zilinuka kama stoo ya muuza dawa. Tajiri hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana ningependa awe mbaya. Alikodi msimu, hakukodi mlima.

Kiangazi cha kwanza baada ya hapo, mama alichukua karai lake kama kawaida. Udongo ulioshuka ulikuwa mwingi kuliko miaka yote. Tulipanda na kushuka, mimi na yeye, tukaumwaga kwenye miguu ya yale matuta. Siku moja Tajiri akatukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Sasa hapo mnafanya nini?"

"Tunarudisha udongo."

Alicheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeona kitu kizuri cha kwenda kusimulia. "Mama, huo nimekuachia. Una mbolea yangu humo, utapata karoti za bure."

"Si wangu."

"Basi nakupa mimi."

"Huwezi kunipa, baba. Hata wewe, si wako."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakuna aliyetutengea ugali siku ile, tulikwenda kula kwetu. Nilibeba karai nikimtukana Tajiri kimoyomoyo, na kwa kweli nilimtukana na mama. Majirani wengine wa chini walikuwa wameshaacha kurudisha. Walikuwa wameuonja ule udongo wenye mbolea ya watu, wakaona mtamu. Kwa nini umpelekee mpangaji kitu ambacho mwenyewe hakitaki? Ukiwasikiliza waliongea maneno ya akili kabisa.

Mwaka uliofuata karai halikufua dafu. Udongo ulioshuka ulifunika ngazi tatu za juu za mama, na ukingo uliokuwa kati ya mashamba mawili ukaanza kupasuka. Ufa ulitanda pale juu, wa kuingia kiganja. Mama alikuwa akipitisha vidole kwenye ufa ule kila asubuhi. Alijua kinachotakiwa, kila mtu alijua. Yalitakiwa matete, yapandwe kwa msongamano ukingo mzima, yashike ardhi kwa mizizi kabla masika haijaingia. Lakini ukingo ni mali ya shamba la juu. Basi akajifunga kanga yake nzuri, tukaenda kwa mjomba.

Tulimkuta barazani, ana redio mpya ya betri, anaitafutia stesheni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mmeamkaje huko?"

"Salama, kaka. Nimekuja na ombi. Ukingo umepasuka. Naomba nipande matete, masika isije ikatukuta hivi."

Mjomba aliipunguza sauti redio. "Ukingo ni wa shamba la juu."

"Najua, kaka."

"Sasa wewe wa chini upande kitu cha kudumu kwenye shamba la juu?"

"Ni majani tu, kaka."

"Majani yana mizizi. Leo mimi nipo, tunaelewana. Kesho sipo, wanao watasema ukingo ule ni wa mama yao, matete yake haya hapa. Nitakuwa nimeacha ugomvi ndani ya lukolo."

Sikujizuia. "Mjomba, basi mwambie Tajiri apande yeye."

"Mpangaji hapandi kitu cha kudumu. Na wewe umesoma, hilo hulijui?"

"Basi panda wewe, mjomba."

"Nimeshapangisha. Nitaingiaje kwenye shamba la mtu?"

Ndivyo ilivyokuwa, naapa. Mama hapandi kwa kuwa si pake, Tajiri hapandi kwa kuwa ni mpangaji, na mjomba mwenye mali hapandi kwa kuwa ameshapangisha. Ukingo ukabaki hauna mtu. Nilimtazama mama nikidhani atasema neno, atalia hata, lakini aliinama kidogo akasema, "Nimesikia, kaka," na mjomba akairudishia redio sauti yake.

Njiani nilimwambia apande tu, atakachokisema mjomba akiseme. Mama alisimama, akanigeukia. "Nipande, naye aje ang'oe mbele ya watu? Uso wangu nitauweka wapi?" Nilimjibu kwamba uso haulimwi. Alinitangulia mpaka nyumbani, na wala sijutii kusema vile.

Masika iliingia kwa nguvu. Asubuhi moja tukiwa tunachemsha chai tulisikia mngurumo, tukadhani ni lori linamwaga mawe barabarani. Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Alitoka mbio bila viatu, nami nyuma yake, na tulipofika hapakuwa na ukingo. Palikuwa na tope jekundu kuanzia katikati ya shamba la mjomba mpaka mwisho wa shamba la mama, limelala zito, linatoa mvuke. Ngazi zote zilikuwa chini yake. Karoti zilizokuwa zimebakiza wiki chache kuvunwa zilikuwa chini yake. Kabichi za Tajiri nazo zilikuwa zimeshuka, nyingine zimekaa wima juu ya tope kana kwamba ndipo zilipopandwa.

Mama alisimama kidogo. Kisha akaingia kwenye tope lile mpaka magotini, akaanza kuziokota kabichi za Tajiri, moja moja, anazifuta kwa upindo wa kanga na kuzipanga pembeni kwenye majani, ili mwenyewe akija azikute. Nililia kwa hasira. Nilimwambia aache, aziache zioze. Alisema, "Za watu hizi," akaendelea kupanga.

Wazee wa ukoo walikutana nyumbani kwa mjomba jua lilipowaka. Nilidhani, kwa utoto wangu wa mtu mzima, kwamba tumeitwa kusikia pole na kugawiwa shamba jingine la maana, au angalau kuahidiwa watu wa kusaidia kuzoa. Mjomba alianza kwa kukumbusha desturi. Udongo wa juu ukishuka hurudishwa juu, sivyo? Ndivyo, wakasema. "Dada," akasema, "utaweza kuurudisha huu?"

Mama alisema hataweza.

"Kuna mtu hapa anayeweza kuurudisha?"

Akawatazama wazee mmoja mmoja.

"Basi kama udongo hauwezi kupanda, shamba la juu ndilo limeshuka. Kuanzia sasa ni shamba moja, na lote ni la juu."

Aliongea kwa upole, kama mtu anayesoma sala. Tajiri alikuwa ameshakubali kukodi lote. Mama atapewa kipande kingine karibu na mpaka wa msitu, ambako hapajawahi kulimwa kwa sababu ni mawe na baridi. Yaani alichukua desturi ile ile ambayo mama aliibeba kichwani miaka yote, akamvua nayo shamba. Wazee waliitikia kwa vichwa kuonyesha kwamba hukumu imekaa vizuri.

"Mjomba," nilisema, "ukuta wa jirani ukikuangukia nyumba yako, nyumba inakuwa ya jirani?"

"Binti, kaa chini," alisema mama mdogo, na alisema kwa kuogopa, si kwa ukali. Wanawake wa lukolo walikuwa wamejaa mkekani pale, wenye ardhi wote, wanatazama vidole vya miguu yao. Ardhi ile inapita kwao. Hata mmoja hakuinua kichwa.

"Mimi nimekubali," akasema mama.

Mwaka ule niliolewa, nikahamia Morogoro mjini. Mume wangu alikuwa kiwandani, na kiwanda nacho kikauzwa na kufungwa, kwa hiyo sikupanda mlima kama nilivyotaka. Habari za mama nilizipata kwa matingo wa malori. Walisema hajambo, anasalimu, anaendelea na shamba. Nilimfikiria kule mpakani mwa msitu anapanga mawe, anaanza ngazi upya, na ingawa nilimwonea huruma, nilikuwa naona fahari kidogo.

Nilipopata nafasi ya kwenda kilikuwa kiangazi. Nilibeba sukari na sabuni. Nyumba ilikuwa imefungwa, na jirani akaniambia mama yuko shambani. Nikapanda mpaka karibu na msitu, nikihema. Kipande kile alichopewa nilikijua kwa jiwe lake kubwa. Kilikuwa magugu matupu mpaka kiunoni. Hakuna jembe lililowahi kukigusa.

Niliteremka kwa njia ya shamba la zamani, na pale nikaona mstari wa vibarua, wengi vijana, na mmoja mzee. Mama alikuwa wa pili kutoka mwisho. Alikuwa anachora tuta la kushuka, kutoka juu kwenda chini, palipokuwa na ngazi zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na lori la asubuhi?"

"Unafanya nini hapa?"

"Si unaona, nalima."

"Unamlimia Tajiri? Shambani kwako?"

Alitazama kama msimamizi anasikia, kisha akashusha sauti. "Hawa watoto wanachimba sana. Wanafika kwenye udongo mwekundu, wanautoa nje, mvua ikija unaondoka wote. Mimi nachimba juu juu. Kwenye matuta yangu mimi haushuki mwingi."

Nilimwambia afunge mizigo twende mjini siku ile ile. Nilimwambia maneno makali, mengine siwezi kuyaandika. Alinisikiliza akiwa ameegemea mpini, hakukasirika. Aliniambia chai iko kwenye chupa, nimsubiri kivulini, amebakiza kidogo.

Msimamizi alikuwa anapita akikagua, kijana wa watu, mwenye adabu. Alifika kwenye matuta ya mama, akatia fimbo kuyapima.

"Mama, samahani. Matuta haya hayana kina. Itabidi uyarudie."

"Haya, baba," alisema mama. Akarudi juu mwanzo wa tuta la kwanza, akakaza kanga kiunoni, akachimba mpaka udongo mwekundu ukatoka.